Kadi ya EBT imekataa nikiwa msibani Iowa, nyumbani ni Kentucky. Nisaidieni

#1 MamaFuraha_KY
Hamjambo ndugu zangu. Niko Des Moines tangu jana usiku, nimekuja na basi kutoka Louisville. Mume wa dada yangu amefariki, tunazika Jumamosi. Leo mchana nimeingia dukani na kadi yangu ya EBT, ile ya msaada wa chakula wa serikali, nichukue vitu vya matanga: mfuko wa mchele wa ratili 20, pakiti nne za mapaja ya kuku, vitunguu, mafuta, nyanya za kopo na katoni tatu za soda. Nimeingiza namba ya siri, mashine imekataa. Nimerudia, imekataa tena. Nyuma yangu watu wamepanga foleni na mifuko yao. Nimeacha kila kitu pale kaunta, nikatoka mikono mitupu.

Salio lipo. Risiti ya juzi ya Louisville ninayo kwenye pochi, imeandika dola 212 na senti 40. Akina mama wa hapa wananiambia kila jimbo lina kadi yake, ya Kentucky haifanyi kazi Iowa. Ni kweli? Watu wa msiba ni wengi na dada yangu hana kitu.

#2 KakaUvira
Pole sana mama, Mungu amlaze pema shemeji yetu. Hao akina mama wamekosea. Mimi niko Dayton, na kadi yangu ya Ohio nimenunulia chakula Houston, Atlanta na Indianapolis. Hakuna aliyeniuliza natoka wapi. Nadhani umekosea namba ya siri. Mtu akiwa na huzuni na usingizi wa basi vidole vinapotea.

#3 Mzee_Kalemie
Poleni na msiba. KakaUvira, usiseme mama amekosea namba. Mimi nilifika nchi hii 1999. Nilivuka jimbo la jirani kumsalimia mdogo wangu, nina watoto wanne, nikapeleka kadi kaunta ikakataa. Keshia akaniambia wazi kwamba kadi hii ni ya huko kwenu. Tulikula mkate na maji mpaka tukarudi. Tangu siku ile nikisafiri nanunua chakula nyumbani, napakia kwenye buti. Hao akina mama wanajua wanachosema.

#4 DadaTausi_Minneapolis
Shikamoo mzee. Pole mtoa mada.

Mzee, yaliyokupata yalikuwa ya kweli kwa wakati ule, ila sheria ilibadilika. Bunge la Marekani lilipitisha sheria mwaka 2000 kwamba kadi za majimbo yote zisomane, na majimbo yakapewa hadi Oktoba 2002 kukamilisha. Kwa hiyo wewe ulisafiri kwenye dirisha baya kabisa, baada ya kuponi za karatasi na kabla ya mashine kuelewana. Leo kadi ya SNAP, yaani huo msaada wa chakula, ya jimbo lolote inafanya kazi majimbo yote 50, Washington DC, Guam na Visiwa vya Virgin vya Marekani. Puerto Rico hapana, wao wana mpango wao tangu 1982.

Kwa hiyo mama Furaha, jibu la swali lako ni kwamba kadi ya Kentucky inafanya kazi Iowa. Kwa nini imekataa ni swali lingine.

#5 Mzee_Kalemie
Marahaba binti yangu. Hapo umenikumbusha vile vitabu vya kuponi. Mdogo wangu alikuwa bado anavitumia. Unachana karatasi mbele ya keshia, na chenji isiyofika dola unarudishiwa sarafu. Na ajabu ni kwamba karatasi zile zilikuwa zinavuka jimbo bila shida, maana zilikuwa za serikali kuu. Kadi ndiyo ilikuja kutufungia mpaka. Kama wameufungua, nashukuru kujua. Miaka yote hii nabeba unga kwenye gari!

#6 KakaUvira
Mzee, zaidi ya miaka ishirini unapitisha unga mipakani kama magendo ya Kavimvira, kule mpakani Kongo na Burundi, kumbe njia iko wazi. Tukikuona barabarani na buti limeinama tutajua ni wewe.

#7 BintiWaMoline
Poleni wafiwa. Mimi naona tatizo liko kwenye zile katoni tatu za soda.

Ninaishi Moline, upande wa Illinois, ila nafanya kazi Davenport, upande wa Iowa. Katikati ni mto Mississippi na daraja. Tangu Januari 1, 2026 Iowa wamezuia soda na peremende kwenye fudistempu, yaani hiyo SNAP. Wao wameenda mbali kuliko wengine, wamefuata orodha yao ya kodi, kwa hiyo hata vyakula vingine vinavyotozwa kodi ya mauzo vimo. Indiana, Nebraska, Utah na West Virginia nao walianza siku hiyohiyo, kila mmoja na orodha yake. Mimi kadi yangu ni ya Illinois. Davenport soda ilikatwa. Nikavuka daraja, soda ileile, Moline ikapita. Kwa hiyo sheria inayohesabiwa ni ya mahali duka lilipo.

#8 KakaUvira
Hapana dada, hapo sikubaliani. Sheria inafuata kadi. Jimbo lililokupa pesa ndilo linalosema ununue nini. Iowa wana haki gani ya kumkataza mtu wa Kentucky soda?

#9 BintiWaMoline
Nimekuambia nilichokiona kwa macho yangu, na risiti nilikuwa nayo. Mashine ya duka imepangwa na duka. Haimuulizi mtu ametoka wapi.

#10 Keshia_Lansing
Mimi ni keshia mwaka wa sita sasa, naomba niingie hapa. Bidhaa isiyoruhusiwa haiangushi kadi nzima. Ukileta mchele na sabuni, mashine inachukua mchele kwenye EBT halafu inaniambia bado kuna deni la sabuni, lipa kwa pesa nyingine. Soda ingekuwa imekatwa, mama angeambiwa bado unadaiwa soda. Kadi ikikataa yote, mara nyingi ni namba ya siri, au salio, au mtandao wa mashine uko chini, au kadi imefungwa.

Mama, ile karatasi ndogo iliyotoka baada ya kukataa unayo? Iliandika nini? Na usiendelee kujaribu namba ya siri hovyo, ukikosea mara kadhaa mfululizo inajifunga kwa muda.

#11 MamaFuraha_KY
Asanteni wote kwa pole. Karatasi sikuchukua, niliona aibu nikatoka. Namba ya siri ni mwaka aliozaliwa mtoto wangu wa kwanza, siwezi kuikosea hata nikiamshwa usiku.

#12 Bin_Pangani
Mama badilisha hiyo namba, na usiandike tena hadharani namba yako ni nini. Mwaka wa kuzaliwa ndio wezi wanajaribu kwanza.

Nawaeleza yaliyonikuta. Niko Houston. Mwaka jana nilisafiri, nikatumia kadi kwenye kiduka cha kituo cha mafuta. Siku pesa za mwezi uliofuata zilipoingia, alfajiri ileile zikaisha. Zilinunuliwa vitu vya mamia ya dola katika jimbo ambalo sijawahi kukanyaga. Kulikuwa na kifaa kimebandikwa juu ya mashine kinanakili ule mkanda mweusi wa kadi. Kadi zetu nyingi bado hazina chipu kama za benki, California ndio walianza kuzitoa 2025. Nilipopiga simu nikaambiwa pesa hazirudi, maana fedha za serikali kuu za kufidia wizi wa namna hiyo ziliishia Desemba 20, 2024. Wanangu watatu, mwezi mzima.

Tangu hapo natumia apu ya kadi kwenye simu. Kadi naifunga, nikifika kaunta naifungua, nikilipa naifunga. Na kwenye apu hizo, majimbo mengi yameweka kitufe cha kuzuia manunuzi yote ya nje ya jimbo. Ukikibonyeza ukasahau, ukisafiri kadi inakataa vilevile alivyoeleza mama. Mama, nani alikuwekea apu?

#13 MamaFuraha_KY
Kijana wangu ndiye aliyeniwekea, mimi naangalia salio tu. Yuko kazini kiwandani, simu anaacha kwenye kabati. Nitampigia akitoka.

#14 NyotaYaGitega
Poleni sana. Mimi naongeza jambo ambalo halijatajwa. Kadi inavuka, ila jimbo linaona unakoitumia.

Nilienda kumlea binti yangu aliyejifungua. Nilisema wiki tatu, ikawa miezi mitatu, mnajua mtoto wa kwanza na mama hana mtu. Kila wiki nanunua huko, kwangu sinunui kitu. Ikaja barua nyumbani kwamba kadi yangu inatumika nje ya jimbo tu, nithibitishe bado naishi huko au watafunga faili. Barua imekaa kwenye sanduku la posta, mimi sipo! Jirani ndiye aliyenipigia. Nilituma mkataba wa nyumba na bili ya umeme, wakaniachia. Si majimbo yote yanafanya hivyo, na siku wanazohesabu hazilingani. Kusafiri ni halali, kuhama ndiko kunakotakiwa kusemwa, na wao kwa mbali hawawezi kujua lipi ni lipi.

#15 Wanjiku_Nashville
Poleni. Kweli kabisa Nyota. Na ukihama usifungue faili jipya kabla la zamani halijafungwa, kupokea majimbo mawili mwezi mmoja ni kosa kubwa. Cousin yangu alihama na ofisi mbili zikachelewa kuongea, akakaa akihangaika kueleza kosa lisilo lake.

Jambo la furaha kidogo kwa wanaopita kwetu Tennessee: huku chakula kinatozwa kodi ya mauzo, hata unga. Lakini ukilipa na EBT kodi haikatwi, jimbo lolote. Ukiona wameiweka kwenye risiti, uliza.

Na nikiulizwa kuhusu nyumbani Kenya, nilishajaribu kufuatilia: kadi haifanyi kazi nje ya nchi. Canada hapana, Mexico hapana, Nakuru ndio kabisa. Salio linakusubiri, ila usiliache miezi tisa bila kugusa. Siku 274 bila matumizi wanaanza kufuta, na kilichofutwa hakirudi.

#16 Mzee_Kalemie
Nisamehewe na wafiwa kama nakosea kusema haya sasa. Nina swali lingine. Pesa zile ni za watu wa nyumba ya mama Furaha. Matanga ni watu arobaini, hamsini. Sheria inasema chakula ni cha kaya yako. Nisingependa dada yetu apate matatizo juu ya msiba.

#17 KakaUvira
Mzee, akija mtu nyumbani kwako ukampa bugali na sombe, unamuuliza kwanza kama yumo kwenye faili? Kinachokatazwa ni kuuza kadi, kubadilisha na pesa taslimu, au kumnunulia mtu halafu akulipe. Kupika ukala na wageni hakuna aliyekatazwa.

#18 NyotaYaGitega
Kaka, mzee ana hoja. Si nyumbani kwake, ni kwa dada yake. Yeye ndiye mgeni.

#19 DadaTausi_Minneapolis
Mimi nimesoma kanuni, inasema chakula kwa ajili ya kaya. Mstari unaozungumzia msibani sijauona. Mama anakula pale kila siku kwa wiki nzima, kwa hiyo na yeye ni mlaji. Mtu mwingine atasoma mstari huohuo aone mchele wa ratili 20 si wa mtu mmoja. Lakini kwetu huwezi kwenda kwenye kilio ukapika sufuria yako ndogo pembeni ukala peke yako. Hiyo haipo.

#20 Mzee_Kalemie
Hiyo haipo. Hapo tunakubaliana.

#21 Safi_wa_Fizi
Nasoma kimya tangu mwanzo. Nyinyi mnajadili kadi inavuka au haivuki, sisi wengine hatuna tena. Sheria iliyotiwa saini Julai 4, 2025 imewaondoa wakimbizi ambao grini kadi, kibali cha ukaazi wa kudumu, haijatoka. Nimekaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, miaka kumi na nane, nimefika hapa 2024, nimepokea muda mfupi tu kisha nimekatwa. Kadi ninayo, imekaa kwenye droo.

#22 DadaTausi_Minneapolis
Pole sana ndugu yangu. Siku grini kadi ikitoka omba upya siku hiyohiyo, mkimbizi hasubirishwi miaka mitano kama wengine. Usiitupe barua ya kukatwa. Na kama kuna watoto waliozaliwa hapa, hao ni raia, wanaweza kuombewa wao. Niandikie faragha tuone benki ya chakula iliyo karibu nawe.

#23 MamaPacha
Mada inanigusa, naomba nichomeke. Nina pacha wa miezi saba, tunaenda Arizona wiki mbili. Kadi yangu ya WIC, ile ya chakula cha mama na watoto wadogo, nayo inavuka? Maziwa ya kopo ndiyo nategemea.

#24 Keshia_Lansing
Hapana mama, WIC haivuki. Kila jimbo na mpango wake, maduka yake, mpaka aina ya maziwa. Nunua maziwa yote ya mwezi kabla ya kuondoka. Kama ni kuhama ndipo unaomba karatasi ya uthibitisho ya kuhamisha, unaenda nayo kliniki ya huko. Maziwa ya kopo unaweza pia kununua kwa EBT ukiishiwa, hayo yanaruhusiwa.

#25 KakaUvira
Na kwa wasafiri wa basi, kuku wa moto kwenye lile kabati la kioo hapiti kwa EBT. Kuku huyohuyo akipoa akawekwa kwenye friji, maduka mengi anapita. Nimewahi kumsubiri.

#26 Bin_Pangani
Hahaha, umesimama dukani unamsubiri kuku apoe?

#27 KakaUvira
Saa nzima. Basi lilikuwa limeharibika, sikuwa na pa kwenda. Kuna majimbo machache kama California na Arizona yana mpango wa chakula cha mgahawani kwa wazee wa miaka 60 na kuendelea, wenye ulemavu na wasio na makazi. Mimi sina hata kimoja, nikamsubiri kuku.

#28 MamaFuraha_KY
Ndugu zangu, imepita! Saa kumi na mbili jioni nimeenda duka jingine, mchele, kuku, vitunguu, mafuta, nyanya, vyote vimepita. Soda sikuchukua, nimechukua chai na sukari. Dada yangu amelia aliponiona naingia na mifuko. Mungu awabariki.

#29 Bin_Pangani
Afadhali mama. Kijana amesemaje?

#30 MamaFuraha_KY
Anasema kitufe cha nje ya jimbo alikiweka mwaka jana baada ya kusikia habari za wizi. Leo alipotoka kazini aliangalia, akakikuta kimezimwa. Anasema pengine alikizima Krismasi tulipoenda Ohio, hakumbuki. Au amekizima leo bila kuelewa, alibonyeza mara mbili.

#31 Bin_Pangani
Ni hicho. Alibonyeza, kikafunguka.

#32 BintiWaMoline
Mara ya kwanza kulikuwa na soda, mara ya pili hakuna. Mbona hilo hulioni?

#33 Keshia_Lansing
Soda haiangushi kadi nzima, nimeshasema. Labda mashine ya duka lile haijapangwa vizuri, maana sheria ni mpya na maduka madogo bado yanahangaika. Siwezi kuapa.

#34 MamaFuraha_KY
Na shemeji yangu mwingine ananiambia duka lile la kwanza mtandao wao ulikatika mchana, hata kadi yake ya benki ilikataa. Basi sijui nishike lipi.

#35 Mzee_Kalemie
Shika mchele, binti yangu. Zikeni salama.

#36 MamaFuraha_KY (Jumapili)
Tumezika jana saa nane mchana. Watu walijaa mpaka uani, akina mama wa hapa walileta lengalenga na makayabu, wali ukatosha. Tiketi yangu ya kurudi ni kesho, ila mtoto wa marehemu ananishika nguo, anataka nikae mpaka arobaini. Nikikaa siku arobaini nikinunua hapa tu, si nitapata ile barua ya Nyota?

#37 NyotaYaGitega
Piga simu kwa ofisi ya kwenu kabla haijakupata. Waambie uko msibani na unarudi tarehe gani, andika jina la aliyepokea na saa. Mwambie kijana afungue sanduku la barua kila wiki. Na iulize kabisa kama hesabu za nyumba yenu zinapitiwa upya mwezi huu, maana hiyo ndiyo inayowakuta wengi wakiwa safarini.

#38 BintiWaMoline
Mama kama unabaki, niambie. Kutoka kwangu mpaka Des Moines ni saa tatu kasoro kwa gari. Nitakuja siku ya arobaini na sombe iliyotwangwa, na soda nitazinunua Moline kabla sijavuka daraja.